Bi Safu, Mwalimu Aliyetunga Maswali Kabla ya Kufundisha

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku ambazo yeye mwenyewe anaijua idadi yake, mwalimu wetu wa baiolojia anastaafu rasmi Ijumaa ijayo, saa sita mchana. Miaka yote hiyo ameifundisha katika shule hii moja, katika maabara ileile yenye madirisha saba na mabomba manne ambayo ni moja tu linalotoa maji. Wanafunzi wanamwita Bi Safu. Sababu nitaieleza. Jina lenyewe limezoeleka kiasi kwamba mwalimu mkuu aliwahi kuliandika kwenye barua ya serikali, ikabidi barua irudiwe.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msimamizi wa mitihani, niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka mingi kuliko walimu wengine. Hiyo ndiyo sababu niliyopewa. Lakini mimi ni mtu wa kushuku. Kazi yangu ni kukagua lakiri kwenye bahasha za mitihani na kuhesabu karatasi mara mbili, na mtu akinipa sababu moja huwa naitafuta ya pili. Nilipomwuliza mwenyekiti wa kamati kwa nini mimi, alitabasamu akasema basi tu. Jibu la basi tu halijawahi kuniridhisha. Wasomaji wanivumilie, maana katika kurasa hizi nitawashuku watu kadhaa, nikianza na mstaafu mwenyewe na kuishia na mimi.

Bi Safu aliripoti hapa muhula wa kwanza akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu. Wiki hiyohiyo aliajiriwa mkutubi wetu, msichana mdogo kwake kwa mwaka mmoja, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika hadi ofisi ya mhasibu. Wote wawili hawakuwa na ndugu karibu. Walipanga chumba kimoja nyuma ya posta, wakakaa humo miaka miwili, hata baada ya mmoja wao kuchumbiwa. Binti wa kwanza wa Bi Safu alipotaka kuzaliwa kabla ya siku zake, mume akiwa safarini, ni mkutubi aliyempeleka hospitali na kukaa naye hadi asubuhi. Binti huyo alipoanza kusema, alimwita mkutubi mama mdogo. Hakuna aliyemwelekeza. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu bila hilo wasifu huu ungekuwa mfupi na mimi ningelala vizuri.

Sasa habari ya safu. Kila mwanzo wa mada, Bi Safu hubandika karatasi kubwa ndani ya mlango wa kabati la maabara, akaigawa kwa rula katika safu tatu. Ya kwanza inasema mtaala unataka mwanafunzi aweze nini. Ya pili inasema darasani watafanya nini. Ya tatu inasema atawauliza nini ili ajue kama wanaweza. Kisha huchora mstari kutoka safu hadi safu. Mstari ukikwama njiani, yaani kitu kimefundishwa ambacho hakiulizwi, au kinaulizwa ambacho hakikufundishwa, basi hapo kazi haijaanza, hata kama kengele imelia na darasa limekaa.

Lililotutia wasiwasi ni mpangilio wa kuzijaza. Alianza na ya kwanza, akaruka hadi ya tatu, kisha ndipo akarudi katikati. Maana yake aliandika maswali ya mtihani kabla hajafundisha neno moja. Tuliosomea ualimu zamani tulijua kwamba mtu hufundisha kwanza, akamaliza, akachoka, ndipo usiku wa kuamkia mtihani akatunga maswali. Mwalimu mwenye maswali tayari wiki tano kabla tulimwona si bure. Katika ofisi ya walimu watu walimtazama kwa jicho la pembeni, na akiingia mazungumzo yalihamia kwenye hali ya hewa.

Yeye hakujali. Alikuwa na msimamo wake na aliutoa kwa yeyote aliyesimama karibu naye zaidi ya dakika mbili. Alisema mtoto hana kosa akikosa jibu la swali ambalo hakuna aliyemwandaa kulijibu, na kwamba mwalimu anayefanya hivyo anawinda, hafundishi. Alisema tena kwamba kama mtaala umeandika mwanafunzi aweze kutumia hadubini, basi kumwambia ataje sehemu tano za hadubini ni kumdanganya yeye, mzazi wake na mtaala wenyewe. Lazima mkono wake uishike. Shule ilikuwa na hadubini moja na darasa la watoto arobaini na mmoja. Kila Alhamisi Bi Safu alikwenda kituo cha afya akaazima nyingine mbili, akarudi nazo kwa miguu akiwa amezikumbatia kama mtoto aliyelala. Mtaalamu wa maabara wa kituo kile aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alidhani mwalimu huyu anakwenda kuziuza.

Mimi nafundisha jiografia, na somo langu nilipewa hadharani. Mwaka fulani wanafunzi wangu walipata alama za juu sana kwenye mada ya ramani. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Kisha tukaenda ziara ya mafunzo, nikawapa ramani ya mji, nikawaambia watembee kutoka stendi hadi ofisi za maji, mwendo wa dakika kumi. Kundi la kwanza lilifika baada ya saa moja na nusu. Kundi la pili lilipatikana sokoni likila mahindi. Bi Safu, aliyekuwa amekuja kutusaidia kulinda watoto, alisubiri hadi tulipopanda gari la kurudi. Ndipo akaniuliza kwa upole kwenye mtihani niliwauliza nini. Niliwauliza waeleze maana ya ramani na wataje aina zake tatu. Alitikisa kichwa akatazama nje ya dirisha, na mimi nikatamani gari lipate pancha ili kila mtu apate kitu kingine cha kufikiria.

Tukubaliane pia kwamba naye alikuwa mtu wa kushuku, tena kunishinda. Tofauti ni kwamba mimi nilishuku watu, yeye alishuku alama. Darasa zima likipata tisini hakufurahi. Alikaa na karatasi zile akijiuliza kama hakuwauliza kitu walichokijua tangu darasa la sita. Wakifeli wote hakugomba. Alifungua kabati, akaweka kidole kwenye safu ya katikati, akatafuta siku aliyowafundisha kwa mdomo kitu walichopaswa kukifanya kwa mikono. Mara moja alisimama mbele ya kidato cha tatu akatangaza kwamba swali la sita lilikuwa kosa lake na kila mtu arudishiwe alama. Kiranja wa darasa alikwenda kwa mwalimu mkuu kuuliza kama Bi Safu anaumwa.

Nafika sasa kwenye mwaka wake wa ishirini, miaka kumi na moja iliyopita. Wengi mnaujua juu juu. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalitoka, na kulikuwa na swali moja la vitendo lililowatoa jasho watahiniwa wa shule zote: ubandue ngozi nyembamba ya kitunguu, uiandae kwenye kioo, uitazame kwa hadubini, uchore unachokiona. Shule jirani walipata wanne. Darasa la Bi Safu walipata thelathini na wanane kati ya arobaini na mmoja. Niliposoma orodha ile nilisema moyoni, hapa kuna namna.

Alikuja mtu kwenye chumba cha maandalizi cha maabara wakati Bi Safu yuko darasani. Alifungua droo ya chini, akakuta jalada la bluu, na ndani yake swali la kitunguu, karibu neno kwa neno, lenye tarehe ya wiki tano kabla ya mtihani. Akaandika barua kwa ofisi ya elimu akisema mwalimu huyu anapata mitihani kabla ya wakati, na wakitaka ushahidi waende moja kwa moja droo ya chini, jalada la bluu. Hakutia sahihi. Mtu huyo ni mimi.

Nimeiandika sentensi hiyo kwa ufupi kwa sababu nilipojaribu kuirefusha ilianza kujitetea. Nilidhani nafanya kazi yangu. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa bado na hasira ya ramani, na kwamba barua ya mtu anayefanya kazi yake huwa na jina chini.

Wakaguzi watatu walikuja Jumatatu. Hawakuuliza njia, walikwenda kwenye droo ile kama watu waliowahi kuishi humo. Matokeo ya watoto arobaini na mmoja yakazuiwa, na bila matokeo hayo wasingeweza kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Kwa wiki sita wazazi walisimama getini kila asubuhi. Mama mmoja mshonaji alileta cherehani yake akakaa nayo pale, akasema atashona hapohapo mpaka apate jibu la mwanawe. Bi Safu aliendelea kuingia darasani kwa wakati, mwembamba kila wiki kuliko iliyopita. Nilimpelekea chai. Naomba mlisome na hilo pia: niliandika barua, kisha nikampelekea chai.

Mwishowe wakaguzi walitunga mtihani wao wenyewe, wakaufungia, wakausimamia wenyewe, kwa mada ambazo hakuna aliyezijua. Watoto thelathini na tisa walifaulu. Mkuu wa wakaguzi alikaa saa mbili peke yake mbele ya kabati la maabara akisoma zile safu, kisha akatuita walimu wote. Alituambia hakuna mtihani uliovuja. Mtungaji wa mtihani alisoma sentensi fulani ya mtaala, Bi Safu naye akasoma sentensi ileile, ndiyo maana maswali yao yakafanana. Akamalizia kwa kusema kinachomshangaza ni shule nyingine ambazo maswali yao hayafanani na mtaala kabisa. Aliomba nakala ya karatasi ile akaondoka nayo. Tangu hapo idara zote za shule hii zinaandaa safu tatu, na mimi mwenyewe nikifundisha ramani naanzia stendi.

Mngedhani mambo yaliishia hapo kwa furaha. Hayakuishia hapo. Barua ilisomwa mbele ya Bi Safu na mwalimu mkuu peke yao, na Bi Safu aliposikia droo na jalada vimetajwa, alipiga hesabu. Chumba kile kilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikaa mfukoni mwa koti lake jeupe. Wa pili ulining'inia maktaba, kwenye ubao wa funguo za akiba, chini ya macho ya mkutubi. Alimaliza hesabu hapohapo kwenye kiti.

Hili ndilo kosa ambalo yeye tu angeweza kulifanya, na nalitaja kwa heshima zote. Mwanamke aliyetukataza miaka yote kumpa mtu alama kwa jambo ambalo hatukumwuliza, alimhukumu mwenzake bila kumwuliza hata swali moja. Aliacha tu kwenda maktaba. Mkutubi alimfuata siku ya tatu akamwuliza kulikoni, akajibiwa ajiulize mwenyewe. Naye ana moyo wake. Hakurudi kuuliza mara ya pili.

Kwa miaka kumi na moja wamepishana kwenye ukumbi kwa salamu ya neno moja. Yule binti aliyemwita mkutubi mama mdogo aliolewa miaka minne iliyopita, na mama mdogo hakualikwa. Mkutubi alinunua zawadi hata hivyo, seti ya vikombe. Nimeiona, bado iko kwenye boksi lake juu ya rafu ya kamusi. Kile kicheko nilichokitaja mwanzoni, walimu walioajiriwa karibuni hawajawahi kukisikia, na wakisoma hapa watadhani natia chumvi.

Ufunguo nilipewa na mkutubi, ndiyo. Nilikwenda nikamwambia nataka kuhesabu meza za chumba cha maandalizi kwa ajili ya mtihani. Alikuwa anajalidi vitabu, gundi imejaa mikononi, akanionyesha ubao kwa kidevu nikauchukua mwenyewe. Hakuniandikisha kwenye daftari kwa sababu aliniamini. Hakujua barua ilisema nini, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuunganisha mambo. Mimi nilijua pande zote mbili. Nilikula nao chakula cha mchana kwenye meza tofauti miaka kumi na moja nikiwa na jibu mfukoni.

Kwa desturi ya jarida letu, mstaafu husoma wasifu wake kabla haujachapwa ili asahihishe tarehe. Wasifu wa kwanza niliouandika ulikuwa mtamu. Ulikuwa na hadubini, ramani, kiranja na wakaguzi waliokuja wakaondoka wameridhika, bila kueleza nani aliwaita. Bi Safu aliurudisha Jumanne asubuhi. Alikuwa amerekebisha tarehe mbili kwa wino mwekundu, na chini kabisa ameandika kwamba mwaka wa ishirini umeandikwa nusu, nimalizie.

Nilisoma maneno yale mara nne. Anajua. Kama anajua, amejua tangu lini? Nani amemwambia? Nilimfikiria mwalimu mkuu, nikamfikiria karani wa ofisi ya elimu, nikamfikiria yule mwenyekiti wa kamati na tabasamu lake. Nikajiona nimewekewa mtego, kwamba nimepewa kazi hii makusudi nijinyonge kwa kalamu yangu. Kipindi changu cha tatu siku hiyo niliwafundisha kidato cha pili mada ya kidato cha kwanza, na hawakunisahihisha.

Niliandika upya. Jumatano, wakati wa mapumziko, nilimpelekea kurasa hizi hadi hapo kwenye ufunguo, pamoja na ukurasa wa mwisho wa shukrani. Alizisoma amesimama kando ya lile bomba linalotoa maji. Alipofika kwenye barua alivuta stuli akakaa. Nikaona uso wake, na nikajua kwamba hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia chochote. Aliona tu kwamba nimeandika wakaguzi walikuja bila kusema kwa nini, akadai sababu kama anavyomdai kila mwanafunzi. Ningeweza kuongeza mstari mmoja wa uongo na angeupitisha.

Aliniuliza jambo moja tu, kama mkutubi alijua naingia mle kufanya nini. Nikamwambia hapana, nilimwambia nahesabu meza. Alikunja kurasa zile mara mbili. Akavua koti jeupe, akalitundika, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja kwa mwendo ambao si wa mtu wa umri wake, akipita kwenye majani yaliyokatazwa kupitwa.

Kengele ya kipindi cha tano ililia na hakurudi. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuchelewa darasani, hata zile wiki sita. Kidato cha tatu walikaa wakanitazama. Nikafungua kabati, nikasoma safu ya katikati, nikawafundisha kama nilivyoelekezwa na karatasi, na namshukuru aliyeiandika kwa sababu hata mtu wa jiografia aliweza kuifuata. Kipindi kilipokwisha nilipita maktaba. Mlango ulikuwa umefungwa saa za kazi na pazia limeshushwa. Mimi ni mtu wa kuchungulia, kila mtu anajua. Sikuchungulia.

Kurasa zilirudi mezani kwangu Alhamisi. Tarehe zote ziliachwa kama zilivyo. Sehemu ya barua haikuguswa, hakuna tiki wala mstari. Kwangu mwenyewe hajasema neno. Ananisalimia vizuri, lakini yeye husalimia vizuri hata anapokuwa amekasirika, kwa hiyo sina ninachoweza kuhitimisha, na sidhani kama nina haki ya kuharakishiwa.

Nimebakiza shukrani, ambazo natoa kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote waliopita mikononi mwake. Mwalimu, umetufundisha kutowauliza watoto wa watu kitu ambacho hatukuwapa. Asante kwa Alhamisi zote za kubeba hadubini. Upumzike, upate afya, uamke saa unayotaka, na siku zako zilizobaki ziwe njema kwako na kwa familia yako. Katika rasimu niliyokupelekea niliitaja familia hiyo hivi: mume wako, mabinti wako wawili na mjukuu. Mwisho wa orodha umeongeza maneno kwa wino mwekundu, na mpiga chapa ameagizwa ayaweke kama yalivyo: na mdogo wangu, wa maktaba.